Kinyama kimesema hakuna saratani, mbona baba alitapika damu?

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 61. Wiki mbili zilizopita alitapika damu, choo kikawa cheusi kama lami, wingi wa damu ukashuka hadi 6. Ameongezewa chupa tatu. Tulidhani ni mishipa iliyovimba kwa sababu ya kichocho, maana huku kwetu ndiyo tuliyoizoea, lakini kamera imeonyesha uvimbe wa sentimita 4 sehemu ya chini ya umio, una kidonda katikati. Majibu ya kinyama (kipande kilichomegwa kupimwa): hakuna saratani. Tumwache apumzike?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Pole kwa kuuguza. Msimwache. Majibu hayo ni ya utando wa juu, si ya uvimbe wenyewe. Koleo la kamera humega vipande vya milimita chache, na uvimbe wa namna hii huota chini zaidi, kwenye msuli.

Uvimbe mwingi wa msuli wa umio ni leiomioma, ndugu wa fibroidi ya kizazi. Huo ni mpole, mara chache sana hutoa damu. Uliochimbika kidonda na kuvuja kiasi hicho unanipa wasiwasi wa GIST, uvimbe wa ukuta wa njia ya chakula unaoweza kuwa saratani, ambao makao yake hasa ni tumboni. Kwenye umio ni nadra.

Ombeni CT skani ya kifua na tumbo yenye dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, kisha kinyama cha ndani kwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi ya kamera. (Kama ripoti ingesema uvimbe ni laini wa buluu, ningekataza koleo na sindano: huenda ni fundo la mishipa ya damu.) Maabara wapime KIT, DOG1 na desmini, protini zinazotambulisha aina ya seli. Kwa kawaida GIST huonyesha mbili za kwanza, leiomioma huonyesha desmini. Bila vipimo hivyo, kwenye hadubini hufanana mno, na tiba zake ni mbalimbali. Leiomioma hubanduliwa kwenye msuli, umio ukabaki. GIST lazima utoke mzima, kwa kuwa ganda likipasuka seli humwagika kifuani. Ukiwa mkubwa, mara nyingi huanzwa imatinibu, kidonge cha kuzuia uvimbe huo usikue, miligramu 400 mara moja kwa siku, pamoja na chakula na glasi nzima ya maji, usinyae kwanza.

Kwa sasa asimeze diklofenaki wala ibuprofeni. Aspirini ya moyo asiiache kabla ya kumuuliza daktari wake. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi. Chenye damu hunata, hung'aa na kunuka kupita kawaida. Kikirudi hicho, au akizimia, mpelekeni hospitali usiku huohuo bila kumlisha kitu, na mwende na ndugu wa kuchangia damu.