Kabla hujatoboa kaboni kwa leza

Tundu langu la kwanza kwenye kibao cha kaboni, yaani nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa resini, lilikuwa zuri mno. Milimita 6, duara kamili, kingo safi, na leza ililimaliza kwa sekunde chache. Nikalipiga picha, nikamtumia kaka yangu Morogoro. Kesho yake fundi wa maabara, mzee wa Kijerumani asiye na maneno mengi, alikichukua kile kibao, akakikata katikati ya tundu, akakizamisha kwenye resini, kilipoganda akakisugua kwa msasa mmoja baada ya mwingine hadi kikawa laini kama kioo. Kisha akakiweka chini ya hadubini na kunisogezea kiti. Karibu milimita nzima kuzunguka tundu, resini ya kibao chenyewe ilikuwa imetoweka. Nyuzi zilibaki tupu, zimetawanyika kama ufagio wa chelewa uliokatika kamba.

Ninyi mnaoanza sasa, jueni kwamba tundu la kaboni halihukumiwi kwa kulitazama juu. Likate. Na ukilikata, fuata mwelekeo wa nyuzi, maana ukikata upande usiofaa utaona uharibifu mdogo na kujisifu bure.

Sababu ni kwamba hapo una vitu viwili visivyopatana. Epoksi, ndiyo hiyo resini, huanza kuharibika kwenye nyuzijoto mia tatu na kitu. Uzi wa kaboni hauyeyuki kabisa. Hugeuka mvuke moja kwa moja, tena baada ya kuvuka nyuzijoto 3,000. Ili uutoe uzi, unaleta joto ambalo jirani yake huvumilia karibu sehemu yake ya kumi tu. Na huo uzi, wenye unene wa maikromita 5 hadi 7 tu, hupitisha joto kwa urefu wake vizuri kuliko resini kwa makumi ya mara. Kumbuka kijiko cha chuma ulichokisahau kwenye sufuria ya uji, na mwiko uliokuwa pembeni yake. Kimoja kinakuunguza vidole, kingine unakishika bila wasiwasi. Kwenye kompositi, yaani mchanganyiko huu wa nyuzi na resini, maelfu ya vijiko yamefungiwa ndani ya mwiko. Ndiyo maana alama ya joto haiwi duara kama tundu lenyewe: hurefuka kufuata nyuzi, na tabaka la chini likielekea upande mwingine, nayo hugeukia huko.

Wageni wengi hudhani dawa ni kununua leza ghali. Leza inasaidia, sikatai. Ya kaboni dioksidi, yenye urefu wa wimbi wa maikromita 10.6, inafyonzwa na resini na nyuzi pia, lakini zile za bei ya kawaida huacha ukanda mpana wa kuungua. Ya maikromita 1 hupenya resini na kufyonzwa na uzi, kwa hiyo resini hupikwa kutoka ndani. Ya urujuanimno, nanomita 355, hufyonzwa na vyote viwili karibu na uso. Na mapigo mafupi ya pikosekunde, yaani sekunde iliyogawanywa mara trilioni, huondoa kaboni kabla joto halijapata nafasi ya kutembea mbali. Lakini kila pigo huacha joto kidogo nyuma yake, na ukipiga mapigo laki mbili kwa sekunde, hicho kidogo kinajumlishana. Nimeona leza ya pikosekunde ikiunguza kibao vibaya kuliko ya nanosekunde, yenye mapigo marefu mara elfu, kwa sababu aliyeishika alikuwa na haraka.

Hapa naomba utulie na kalamu. Vioo vya skana, kifaa kinachouelekeza mwali wa leza, vikizungusha mwali huo kwa mita 2 kwa sekunde kwenye tundu la milimita 6, mzingo ni kama milimita 19. Mwali unarudi pale pale kila baada ya milisekunde 9 hivi, yaani zaidi ya mara mia moja kwa sekunde. Sasa chora mstari wa milimita 300 kwa kasi hiyo hiyo: kupita mara moja ni milisekunde 150. Vigezo vilivyokupa mkato safi kwenye mstari vitakuunguzia tundu, ingawa nguvu ni ile ile na kasi ni ile ile. Tundu la milimita 1 ndilo baya zaidi, maana mwali unarudi kila milisekunde moja na nusu, kama skana yako itaiweza kasi hiyo kwenye duara dogo namna hiyo. Kwa muda mrefu nilipunguza nguvu, nikaongeza kasi, nikabadilisha gesi. Nilichokosa ni kuiacha kaboni ipoe.

Ukiwa na matundu mengi, usimalize moja ndipo uende la pili. Zungusha mara mbili tatu hapa, ruka la pili, la tatu, ukifika la mwisho rudi la kwanza. Muda wa kazi haubadiliki sana, na kila tundu limepumzika wakati mengine yanatobolewa. Ukiwa na moja tu, weka pumziko. Anza na nusu sekunde kila baada ya mizunguko kumi, kisha punguza huku ukikata na kutazama.

Kibao kinene kina balaa lake: mfereji unaochimbwa na mwali ukiwa mwembamba, moshi na vumbi huuzuia mwali, kuta huanza kuinama, na tundu huishia kuwa faneli. Panua mfereji kwa miduara kadhaa inayofuatana, hata kama unaona unapoteza muda.

Vumbi. Kaboni hupitisha umeme. Kompyuta iliyokuwa mezani kwangu ilikufa ghafla, na tulipoifungua tulikuta ndani ni kama jiko la mkaa. Usilete kifyonza vumbi cha nyumbani. Mota yake itaishia vivyo hivyo. Moshi nao una benzini na fenoli, kwa hiyo bila kivuta hewa chenye kichujio cha vumbi laini pamoja na kile cha mkaa kinachonasa gesi, usiwashe. Miwani iwe ya wimbi la leza yako hasa, si ile uliyoikuta imening'inia mlangoni.

Ndugu wa nyumbani huniuliza kama Dreamliner ya Air Tanzania, ile ya kwanza iliyotua Dar es Salaam Julai 2018, ilitobolewa kwa leza, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wake ni kompositi. Hapana. Matundu ya ribiti kwa kawaida hutobolewa kwa biti za kabaidi au za almasi, na zinafanya kazi vizuri, ila huisha makali haraka, na biti butu hubandua tabaka la mwisho inapotokeza. Leza ina nafasi yake penye karatasi nyembamba na matundu madogo kwa maelfu, kama yale ya paneli za kupunguza kelele kwenye ganda la injini. Atakayekuahidi zaidi ya hapo mwombe kipande alichokikata.

Na katika daftari lako, andika muda wa pumziko. Langu la mwaka wa kwanza lina nguvu, kasi, masafa ya mapigo, idadi ya mizunguko, hata hali ya hewa ya siku ile. Pumziko halimo popote, na majaribio ya miezi miwili niliyarudia yote.