Klachi ngumu mpya, gia ya kwanza na rivasi zinagoma: telezesha pleti kwa mkono kwanza

Mkuu, pole. Umeandika kwamba umefunga klachi ya nguvu kwenye Hilux, ile ya pleti (sahani ya msuguano) yenye vipande badala ya duara zima la lainingi, na tangu siku hiyo gia ya kwanza inaingia kwa ugomvi na rivasi inakwaruza. Fundi wako anataka kufungua giaboksi. Naomba umsimamishe kidogo. Mimi wangu nilimruhusu.

Nipo Kigoma, Hilux yangu inapanda Manyovu na dagaa na mawese. Klachi ya kawaida ilikuwa inateleza ile milima ukishapita Mwandiga: injini inalia, gari haliendi. Nikaagiza ya nguvu kutoka Dar, gereji moja ikaifunga, kesho yake gia zikagoma. Wakasema sinkronaiza, zile pete zinazolinganisha mwendo ili gia iingie laini, zimekwisha. Giaboksi ikafunguliwa, pete zikabadilishwa, pesa ikatoka, na gari likarudi na ugonjwa uleule. Bado inaniuma, maana siku ile giaboksi iko chini, jibu lilikuwa wazi mbele ya macho yao.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi pale Gungu. Tuliposhusha tena, ndani ya giaboksi hakugusa kitu. Alichukua pleti, akaivisha kwenye shafti ya giaboksi, ile yenye meno inayopita katikati ya pleti, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikaenda nusu ya safari, ikasimama. Akaitoa, akaizungusha meno mawili matatu, akairudisha. Ikasimama palepale. "Ingekuwa pleti peke yake, ingebadilisha mahali," akasema. Kisha akanishika kidole, akapitisha ukucha wangu kwenye meno ya shafti. Kulikuwa na tuta dogo kama ngazi, pale pleti ya zamani ilipokaa miaka yote ikala chuma. Hulioni kwa macho kama mwanga ni hafifu, lakini ukucha unalisikia. Halafu akapitisha kipande cha pamba ndani ya kitovu cha pleti mpya; nyuzi zikanasa sehemu mbili, kwenye kingo ambazo ziliachwa kali tangu kiwandani. Na kutu nyepesi juu yake, maana spea ikikaa dukani huku ziwani, unyevu unaifikia.

Kwa nini kitu kidogo hivyo kinasumbua? Ukikanyaga klachi, presha pleti, ile inayobana pleti kwenye flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini), inaachia nafasi ndogo sana, milimita moja na kitu. Inatakiwa pleti ijitelezee yenyewe kwenye meno ya shafti mpaka iache kugusana na flaiwili. Ikinasa, inaendelea kuburuzwa, shafti inazunguka, na rivasi ndiyo inalalamika kwanza. Pleti ya lainingi ina bati la mawimbi katikati linalosaidia kuachiana. Ya vipande mara nyingi haina. Na kama kitovu chake hakina springi, kila mshituko unakwenda moja kwa moja kwenye meno ya shafti. Ndiyo maana gari lilelile lilivumilia kasoro hii na klachi ya kawaida, likaikataa na hii.

Kabla hujashusha, hakikisha mafuta ya klachi yametolewa hewa. Kisha zima injini uingize gia zote. Zikiingia laini, washa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi kumi, ingiza rivasi. Ikikwaruza, shafti bado inazungushwa. Sinkronaiza iliyokwisha huonekana zaidi gari likiwa kwenye mwendo, ukibadilisha ya pili na ya tatu.

Ukishashusha, zungushia kitambaa kwenye shafti ili unga wa chuma usiingie kwenye sili. Vumbi la klachi usilipulize kwa upepo, lifute na kitambaa chenye maji. Lainingi za zamani nyingine zina asbesto. Paka meno ya shafti wino wa maka peni, telezesha pleti mara kadhaa, itoe. Wino ulipofutika ndipo panapokwama. Hapo tumia tupa ndogo ya pembetatu, kwenye kingo tu, mara mbili tatu kisha ujaribu tena. Malizia na msasa namba 600 wenye mafuta kidogo. Mbavu za meno zinazobeba nguvu usizile. Hapo ondoa kutu tu, kwa sababu ukizilegeza, pleti itakuwa inagonga na meno yatakwisha mapema. Na kama shafti imechimbika sana, tupa haisaidii tena, hiyo ni ya kubadilisha. Klachi za pleti mbili zina sahani ya katikati nayo inateleza kwenye masikio yake. Kazi ni ileile.

Osha kwa petroli, kausha. Grisi iwe ya meno ya klachi inayovumilia joto, utando tu. Visha pleti kwenye shafti, itoe, futa yote iliyosukumwa nje, maana ikibaki itarushwa kwenye pleti na klachi itateleza. Kitovu kilichopakwa nikeli, kile kinachong'aa kama fedha, kiache kikavu. Angalia pia bomba ambalo rilizi beringi (ile inayosukuma presha pleti ukikanyaga klachi) inatelezea, pamoja na uma wake: presha pleti ngumu inavikandamiza kuliko zamani.

Wakati wa kurudisha, giaboksi isining'inie kwenye pleti hata dakika moja. Iwekeeni jeki au watu wawili waibebe mpaka bolti zishike. Uzito ule unapinda pleti, na vitabu vingi vya gereji vya Toyota vinaruhusu pleti ipinde 0.8 mm tu. Mkishaipinda, kusugua kote mliko­fanya hakuna kazi.

Yangu, baada ya ule mchana wa Gungu, ilisukumwa kwa kidole ikaenda mpaka mwisho na kurudi. Jioni rivasi iliingia bila sauti, na pete zile mpya za sinkronaiza hazikuwa na la kufanya.

Fundi wako akishusha, mwambie asukume kwa kidole mbele yako, kisha niandikie hapa ilikwamia wapi, kwenye shafti au kwenye pleti.