Risasi Inayofaa Kob Wetu na Joto Letu

Kazi yangu ni kufuata nyayo. Nimeifanya miaka kumi na minne, kwanza kwenye mashamba ya ng'ombe yanayopakana na Ziwa Mburo, kisha katika bonde la mto Kafu upande wa Nakasongola, hapa Uganda. Mwenye bunduki humwona mnyama sekunde chache tu kabla hajatoweka nyasini. Mimi ndiye ninayeingia nyuma yake, na mara nyingine nimeshinda mchana kutwa ndani ya mafunjo, maji yakinifika kiunoni, nikitafuta tone la damu kwenye shina. Kwa hiyo nikisema juu ya risasi, nasema kama mtu anayelipa kwa miguu.

Wageni wakifika kambini, neno la kwanza ni kaliba, yaani ukubwa wa risasi na mtutu wake. Vijana wetu nao wameliiga: .308 au .30-06, ipi kali? Kwa swala wetu zote mbili zinatosha. Dume la kob, swala wetu wa nyasini, hufika kilo 100 au zaidi kidogo, swala pala kilo 60 hivi, pongo anaweza kuwa mdogo kuliko huyo. Kuro dume hupita kilo 200, lakini naye huanguka kwa .30-06 ikilengwa vizuri. Nyati ni habari nyingine kabisa. Kwake ningeanzia .375 yenye kichwa kigumu, kile kipande kinachoruka na kumgonga mnyama, cha greni 300 (kipimo cha uzito), yaani gramu 19, na siandiki zaidi juu yake leo.

Jambo la kuuliza ni kichwa cha risasi: uzito wake, na kinavyofanya kikigonga mfupa. Kichwa chepesi, laini, chenye mwendo mkali kinapendeza kwenye karatasi ya shabaha. Huku kwetu kob anaweza kukutokea mita 60 tu, nyasi zimemfika tumboni, nawe unaona bega peke yake. Nimeshuhudia kichwa cha namna hiyo kikipasuka juu ya mfupa wa bega na kuacha jeraha pana lisilo na kina. Yule kob alikwenda. Tulimfuata hadi giza, na asubuhi tai ndio waliotuonyesha alipo. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa sawa na aliyepatikana, lakini fedha haikunipa usingizi usiku ule.

Kwa .308 na .30-06 mimi hupenda greni 165 hadi 180, yaani gramu 11 hivi, na kichwa kilichotengenezwa kishikamane. Kuna vya shaba tupu kama Barnes, na kuna Nosler Partition, ambacho kina ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele inachanua, ya nyuma inaendelea kuchimba. John Nosler alianza kukifikiria mwaka 1946, baada ya risasi zake kushindwa kumwangusha kongoro mkubwa wa Kanada, moose, aliyekuwa amejipaka tope lililokauka. Sisi tunaofuata nzohe, ambaye Waganda humwita enjobe, tunalielewa tope hilo bila kuelezwa. Nzohe anaishi ndani ya kinamasi, na akijeruhiwa hukimbilia maji na kuzama akiacha pua tu juu. Kwake sipendi mtu apige mpaka mnyama asimame ubavu. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, theluthi moja ya mwili, hapo ndipo pa kuweka risasi.

Sasa niingie kwenye risasi za kujazwa kwa mkono, maana hapa ndipo nimeona makosa yanayoepukika. Kwa asiyejua: mtu huchukua ganda lililokwisha kutumika, akalirudisha umbo lake, akatia fataki mpya, kile kikombe kidogo kitakoni kinachowasha baruti, akapima baruti na kubana kichwa anachokitaka. Uganda usilijaribu jambo hili kienyeji. Tuna Sheria ya Silaha za Moto tangu 1970, na kila kinachohusu risasi kinapita kwa polisi. Mwenye swali amwendee afande ofisini na bunduki ikiwa na karatasi zake. Risasi hizi huja na wageni kutoka nchi ambazo kazi hiyo inaruhusiwa. Siwalaumu kwa kuzipenda. Mjazaji makini hupata risasi zinazofanana moja na nyingine, zinazoufaa mtutu wake, zenye kichwa alichokichagua mwenyewe.

Tatizo ni joto. Mgeni mmoja alitoka Ulaya ya kaskazini na .30-06 yake. Alikuwa amejaza risasi zake wakati wa baridi kali, akaongeza baruti kidogo kidogo hadi kikomo, na kule zilikuwa salama. Baruti nyingi zikipata joto huungua kwa kasi zaidi, na shinikizo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kwenye mtutu, hupanda. Huku risasi zile zilikaa kwa muda wa saa nne juu ya dashibodi ya gari, kwenye jua la Nakasongola. Alimpiga kob nyuma kidogo ya pale panapotakiwa. Risasi ya pili ilihitajika mara moja. Bolti, chuma kinachofunga chemba na kutoa ganda, haikufunguka. Aliipiga kwa kiganja, akaipiga tena, na kob akaingia vichakani tukimtazama. Ganda lilipotoka hatimaye, fataki ilikuwa bapa kama sarafu. Ukiona hivyo, au kitako cha ganda kina alama inayong'aa, weka bunduki chini na usipige nyingine kutoka boksi hilo.

Kob yule tulimpata jioni, tukashukuru. Kesho yake mgeni alitumia risasi za kiwandani alizopewa na mwenye kambi, kaliba ileile, uzito uleule wa kichwa. Tulimfanya apige karatasi kwanza kwa mita 100, na zilitua upana wa kiganja kando ya zile zake. Ndiyo maana siku ya kwanza sikubali mtu atoke kambini kabla ya kupiga risasi tatu, hata kama darubini yake ni ya bei kubwa kiasi gani.

Kwa hiyo mjazaji anayekuja huku ashuke chini ya kikomo chake. Mita 20 au 30 kwa sekunde anazopoteza, swala hatazihisi. Kila risasi aipitishe kwenye chemba nyumbani kwa usalama, aone bolti inafunga bila kusukumwa. Maandishi ya kitako cha ganda yafanane na kaliba iliyo kwenye kibali. Kwenye ndege kanuni ya kawaida ni kilo 5 za risasi kwa abiria, pamoja na boksi lake, na shirika likitaka boksi la kiwandani hakuna kubishana uwanjani Entebbe. Porini zikae kivulini, ndani ya mfuko, kamwe si kwenye dashibodi.

Yule mgeni alirudi mwaka uliofuata. Alikuwa amepunguza baruti na kubaki na kichwa kilekile cha greni 180. Dume la kob lilisimama ubavu kwenye kichuguu, mita 110 hivi, akapiga, likaenda hatua ishirini. Nilimtazama mkono: alifungua bolti kwa vidole viwili, na ganda likadondoka nyasini karibu na buti langu.