Kwa nini kilio cha mhusika hakimlizi mtazamaji: jibu kutoka chumba cha uhariri

Ndugu, umeuliza kwa nini ulitokwa na machozi ndani ya matatu ukisoma riwaya ambayo ndani yake hakuna hata mtu mmoja anayelia, ilhali jioni ileile ulitazama filamu yenye matanga mawili na vilio visivyokatika, ukabaki macho makavu. Umeuliza pia kama kuguswa kwa namna hiyo si kuchezewa akili. Waliotangulia kukujibu wamesema kwamba yote ni kazi ya mwigizaji hodari na mwandishi mwenye kipaji. Sikatai kipaji, lakini nilifundisha fasihi katika shule ya upili kwa miaka sita kabla ya kuhamia uhariri wa filamu hapa Nairobi, na kazi hizo mbili zimenifikisha kwenye jibu jingine. Kwa jinsi nilivyoona, hisia za hadhira hazitokani na ukubwa wa tukio. Zinatokana na mpangilio wa nani anajua nini, anakijua lini, na anapewa muda gani wa kukaa nacho kabla jambo linalofuata halijaingia.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifunza. Tulikuwa tumepiga filamu fupi ya dakika 11 kuhusu mama anayeuza mitumba katika soko la Gikomba, ambaye mwanawe anafanya kazi ya mjengo na siku moja anaanguka kutoka ghorofa ya nne. Katika toleo la kwanza, mama anapigiwa simu, anapasua ukelele, analia kwa sekunde 40 huku kamera ikimsogelea, na chini yake nikaweka kinanda cha huzuni. Niliona nimemaliza kazi. Tukawaonyesha majirani wapatao 12 sebuleni kwa rafiki yangu mtaani Umoja. Katikati ya kilio kile, mama mmoja aliinuka taratibu akaenda jikoni kuangalia maharagwe yake. Hakuwa na ubaya wowote. Filamu yangu ndiyo iliyompa ruhusa ya kuondoka.

Nilirudi kwenye kompyuta nikiwa nimenuna. Miongoni mwa picha tulizokuwa tumezitupa kulikuwa na mbili ambazo hakuna aliyezithamini. Ya kwanza ilionyesha vijana wawili wa mjengo, nguo zimejaa saruji, wakibishana langoni ni nani ampigie mama simu. Ya pili ilimwonyesha mama yuleyule akipakua chakula cha jioni, akakifunika kwa sahani nyingine, akakisogeza karibu na jiko la makaa kisipoe. Picha hiyo ya pili ilikuwa na sekunde tisa tu katika mpango wetu wa awali, ya kujazia. Nikawatanguliza vijana, nikafuatisha mama na sahani yake, nikamwacha pale kwa sekunde 26, nikaondoa kinanda chote na kubakisha redio ya jirani na maji ya mfereji. Simu inalia juu ya meza. Mama anajipangusa mikono kwenye leso. Filamu inakatika hapo, kabla hajaishika.

Siku kumi baadaye tulionyesha toleo hilo sebuleni mulemule, kwa majirani wengine. Hakuna aliyeinuka, na mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akasema kwa sauti, "Jamani, asiishike hiyo simu." Mwigizaji alikuwa yuleyule, na hakuwa amepata ujuzi mpya katika siku hizo kumi. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza mtazamaji na mama walipata habari kwa pamoja, na kazi ya kuumia ikafanywa yote na mama. Mara ya pili mtazamaji alikuwa amekwisha kujua, akalazimika kuubeba ujuzi huo peke yake huku akimtazama mtu akifunika chakula ambacho hakitaliwa.

Darasani nilikuwa nikiiita hali hiyo kinaya, nikawaandikisha wanafunzi maana yake, nikaiuliza katika mtihani na kutoa alama mbili kwa jibu sahihi. Miaka sita nilifundisha neno hilo bila kuelewa kwamba ni mtambo unaoendeshwa. Mwelekezi wa filamu Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili vizuri alipohojiwa na mwelekezi mwenzake, François Truffaut, mwaka 1962. Alisema kwamba watu wakiwa wanazungumza mezani na bomu likalipuka ghafla, hadhira inapata mshtuko wa sekunde 15. Hadhira ikiwa imeonyeshwa bomu hilo chini ya meza mapema, na inaiona saa ukutani, basi mazungumzo yaleyale ya kipuuzi yanageuka kuwa taharuki ya dakika 15. Sidhani kama bibi zetu wangeshangazwa na maelezo hayo. Katika ngano, zimwi linapofika mlangoni na mtoto aliye ndani hajui, fanani husimamisha kisa akaanza wimbo, na wasikilizaji wote wakaitikia, ubeti baada ya ubeti, huku mlango ukisubiri. Wimbo ule unaonekana kama mapumziko, kumbe ndio unaorefusha hofu.

Wapo watakaouliza taharuki inatoka wapi ikiwa kila mtoto aliyekulia kwenye vibanda vya video anajua kwamba steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba hofu huhama. Tukijua kwamba hatakufa, tunaanza kuhofia atakachopoteza: rafiki yake, mkono wake, heshima yake mbele ya babake. Na hata pale ambapo tunajua kwamba mhusika atakufa, hisia hazikomi. Filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018, Supa Modo, inatuambia mapema kwamba msichana mdogo anayependa hadithi za mashujaa ana ugonjwa usiopona. Baada ya hapo inatumia sehemu kubwa ya muda wake katika michezo, vituko na mzaha wa kijiji kinachoshirikiana kumfanya ajione ana nguvu za ajabu. Ni kicheko hicho kinachouma, kwa sababu kila kinapotokea tunakihesabu.

Suala la pili ni jirani ya picha, yaani kile kinachokaa kabla na baada yake. Takriban miaka 100 iliyopita, mwelekezi wa filamu Lev Kuleshov wa Urusi aliunganisha picha ileile ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine na vitu tofauti, na kwa maelezo yaliyotufikia, vilikuwa ni bakuli la supu, maiti ndani ya jeneza na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, kisha majonzi, kisha matamanio, ilhali uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Kwa hiyo, wanaposema kwamba yote ni kazi ya mwigizaji, mimi humkumbuka mtu huyo aliyesifiwa kwa kutofanya kitu.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi hautoki Urusi. Katika Al-Inkishafi, utenzi uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir yapata miaka 200 iliyopita, mshairi anatutembeza katika majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu. Anafika kwenye madaka ya ukutani, vile vishimo vilivyokuwa vikipambwa kwa vyombo vya kauri, na anatuambia kwamba sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Daka ni lilelile, fremu ni ileile, kilichobadilishwa ni kitu kilichomo. Hakusema kwamba inasikitisha. Mhariri yeyote wa filamu akiusoma ubeti huo ataona mkato: sahani, kisha ndege, na katikati yake miaka isiyoonyeshwa, ambayo msomaji huijaza mwenyewe kwa huzuni yake mwenyewe.

Kuhusu sauti sitaki kusema mengi, ila nisimulie nililoliona. Nilikuwa kwenye matatu iliyokwama katika msongamano Barabara ya Jogoo, skrini ya mbele ikionyesha mazishi katika filamu ya kigeni, na dereva akiwa amefunika sauti ya filamu hiyo kwa rege nzito. Jeneza lilikuwa likiteremshwa kaburini kwa mdundo ule ule wa besi. Abiria walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Picha haikuguswa hata chembe. Vivyo hivyo DJ Afro, ambaye wengi wetu tulimjua kupitia vibanda vya video, huchukua filamu za mapigano kutoka nje na kuzisimulia juu kwa juu kwa Kiswahili na Sheng, na adui wa kutisha akageuka kuwa jamaa wa mtaani anayestahili kuhurumiwa kwa kipigo anachokaribia kupokea. Anayedharau kazi hiyo ajaribu kutazama filamu hizo mara mbili, moja kwa masimulizi na moja bila.

Sasa nije kwenye riwaya yako, kwa sababu nadhani hapo ndipo watu hupuuza zaidi. Msomaji hana kinanda wala uso wa kuutazama, ana maneno tu, na Kiswahili kina vyombo vyake vya kupimia muda na umbali. Chukua sentensi hii: "Akaamka, akachukua jembe, akaenda shambani, akaanguka, akafa." Kila kitenzi kina -ka- yake, kila tendo lina uzito sawa, na kifo kinapita kwa mwendo uleule wa kuchukua jembe. Mwandishi anayetaka tushtuke baadaye, tukisharudi nyuma kujiuliza kama tumesoma vizuri, atafanya hivyo makusudi. Anayetaka tukae na kifo hicho ataivunja -ka-: "Alikuwa ameinua jembe. Jembe halikushuka." Hapo hakuna neno kufa, hakuna kilio, na muda umesimama angani pamoja na jembe.

Chombo cha pili ni umbo la nomino. Kamera ikipandishwa juu na kumtazama mtu kutoka darini, mtu huyo huonekana mdogo na mnyonge. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kiambishi kimoja. "Mzee ameketi mlangoni" na "kizee kimeketi mlangoni" ni mandhari ileile, lakini katika ya pili tumekwisha kumdharau kabla hajafumbua kinywa, na upatanisho wa kisarufi utaendelea kutukumbusha dharau hiyo katika kila kitenzi: kimekohoa, kimeinuka, kimeondoka. Ki- hiyohiyo ikiwekwa kwa mtoto aliyelala huleta huruma. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika insha kuhusu kifo cha nyanyake, akiwa na majonzi ya kweli kabisa, lakini alimwita kibibi kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipoisoma mbele ya darasa, wenzake wakaanza kucheka. Alikasirika, nami nikamkemea kila aliyecheka, na leo naona kwamba waliitikia vilevile walivyoelekezwa na kiambishi chake. Nilipaswa kumwonyesha jambo hilo badala ya kuwakemea wengine.

Je, ni kuchezewa akili? Mpangilio ni mpangilio, na anayesimulia chochote, hata mtu anayekueleza jinsi alivyoibiwa simu pale barabara ya Tom Mboya, huchagua aanze na nini. Hata kumzuia mtazamaji asizame katika hisia ni mbinu: Bertolt Brecht wa Ujerumani alikuwa akikatiza michezo yake kwa nyimbo na maandishi jukwaani ili watu wahukumu wanachokiona badala ya kulia nacho. Mimi nautenga udanganyifu mahali pengine. Kuna kazi inayonipa mambo na kuniachia nafasi ya kuhisi, na kuna kazi inayonipa amri. Tamthilia nyingi za runinga zinazojaza jioni zetu ni za aina ya pili: habari inatangazwa, ngoma inapigwa, kamera inaurukia uso wa mama mkwe, kisha wa mkwe, kisha unarudiwa wa mama mkwe kana kwamba hatukuuona. Mimi mwenyewe huzitazama nikiwa nimechoka, na sitajifanya mtakatifu, lakini asubuhi sikumbuki hata jina la aliyelia.

Sikuitazama filamu hiyo ya matanga mawili, kwa hiyo hili ni kisio langu tu. Irudie ukiwa na karatasi, uandike dakika ambayo wewe ulijua kwamba kuna mtu amekufa na dakika ambayo mhusika alijua. Halafu zima sauti, uitazame sehemu hiyo mara ya pili, kisha uigeuzie kisogo na kuisikiliza tu. Fanya hivyo pia kwa kurasa tatu za riwaya zilizotangulia ukurasa ule uliokutoa machozi ndani ya matatu, ukizitafuta -ka- na mahali zilipokoma. Nadhani utakuta kwamba katika filamu wewe na mhusika mliambiwa kwa pamoja, na muziki ulikuwa umewasili kabla yenu nyote wawili.