Uvimbe wa Rathke ukirudi, uliza haya kabla ya kukubali kisu

Mwenzangu, kama MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya kichwa, imeonyesha uvimbe umerudi, usianze kumlaumu daktari wa kwanza. Nami nililaumu kimoyomoyo hadi nilipoelezwa vizuri.

Uvimbe wa Rathke si saratani. Ni kifuko cha ute kilichobaki tangu mtu akiwa tumboni mwa mama, kikakaa kwenye tezi ya pituitari, tezi ndogo ya homoni iliyo chini ya ubongo. Neva za macho hupishana juu yake, na kifuko kikijaa huzibana, ndiyo maana mimi nilianza kugonga fremu za milango kwa bega: mbele naona vizuri, pembeni sioni.

Upasuaji kwa kawaida hupitia puani kwa endoskopi, kamera nyembamba, bila kupasua fuvu kwa juu. Ute unakamuliwa, kipande cha ukuta wa kifuko kinapelekwa maabara. Sehemu ya ukuta iliyobaki mara nyingi huachwa, na ndio unaoweza kujaza ute tena. Kwa nini wasiubandue wote? Kwa sababu umeshikana na tezi na kikonyo chake. Ukikwanguliwa sana, unaweza kubaki na kiu isiyokatika na mkojo usioisha, ugonjwa usiohusiana kabisa na sukari ya damu. Kwa hiyo swali kubwa la mara ya pili ni hili: daktari, utakamua tu au utabandua, na kwa nini?

Omba pia ripoti ya upasuaji wa kwanza. Ngozi laini ya ndani ya pua huweza kutumika kuziba tundu lililopitiwa kufika kwenye tezi, na kama ilishakatwa upande mmoja, timu inapaswa kujua mapema. Wengi hubeba picha tu, ripoti wanaiacha hospitali.

Ukitoka, usipenge kamasi. Chafya ipige mdomo wazi. Ndoo ya maji ibebwe na mwingine, na omba dawa ya kulainisha choo, maana kujikamua chooni kunapandisha presha kichwani. Maji yasiyo na rangi yakidondoka puani unapoinama, yenye ladha ya chumvi, usidhani ni mafua; huenda ni maji ya ubongo yanavuja. Rudi hospitali siku hiyohiyo. Mimi nilipima mkojo kwenye jagi na kuandika, kuona kama umezidi, ndugu zangu wakacheka, lakini daktari aliisoma karatasi ile mstari kwa mstari. Ukizidiwa na uchovu na kutapika, ulizia kotisoli, homoni inayoweza kushuka tezi ikiumia.

Kwenye kliniki za baadaye nenda na CD za MRI zote, za zamani na mpya, wazilinganishe. Na usiache kupimwa uoni wa pembeni: macho yakiwa salama na homoni zikiwa sawa, uvimbe mdogo uliorudi mara nyingi huangaliwa tu.