Nietzsche alipoacha teolojia

Ndugu muulizaji, unasita kama insha yako iuite mwaka wa Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani, pale chuo kikuu cha Bonn, alikoanza teolojia na filolojia (elimu ya lugha na maandishi ya kale) mwaka 1864, kuwa mwaka uliopotea. Nakusihi usiuite hivyo. Ni kweli aliiacha teolojia upesi, akamtia simanzi mama yake, mjane wa mchungaji. Lakini ni huko alikomkuta Ritschl, bingwa wa kuchambua maandishi ya kale neno kwa neno, ambaye mwaka 1865 alihamia chuo kikuu cha Leipzig, naye Nietzsche akahamia huko huko. Ni Leipzig, katika duka la vitabu vikuukuu, alipokiokota kitabu cha mwanafalsafa Schopenhauer asichokijua, akaenda nacho nyumbani. Kisa hicho kipe aya nzima. Uprofesa wa chuo kikuu cha Basel, Uswisi, alioupata mwaka 1869 akiwa na miaka 24, utaje kwa ufupi tu.