Usiisingizie jakaranda: nilivyokijua kinachonibana kifua Arusha

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua nikilala madirisha wazi, upepo wa bahari unaingia na kutoka, na kifua hakikuwahi kunisumbua hata siku moja. Nilipohamishiwa Arusha kikazi nikakaa miaka miwili mizima bila shida. Mwaka wa tatu, masika yakielekea ukingoni, nikaanza kuamka na chafya zisizohesabika, macho yanawasha mpaka natamani kuyang'oa, na ikifika saa tisa usiku kifua kinalia kama nimemeza paka.

Mama mwenye nyumba akasema ni baridi ya Mlima Meru. "Wewe mwanangu ni mtoto wa Pwani, vaa sweta." Nikavaa. Duka la dawa wakanipa antibiotiki, nikamaliza dozi, baada ya wiki kadhaa nikapona, nikaisifu dawa. Vuli ilipoingia, barabara zimetandikwa maua ya zambarau ya jakaranda, shida ikarudi. Antibiotiki tena. Nilirudia mchezo huo mara nne kabla daktari mmoja hajaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Huwa inakujia miezi gani?" Sikuwa na jibu. Akaniambia nikaandike.

Ukiniuliza leo uanzie wapi, nitakwambia uanzie hapo. Tundika kalenda nyuma ya mlango. Siku kifua kikibana, andika saa, ulikuwa wapi, mvua ilinyesha au la, na kama kuna mtu alifyeka nyasi jirani. Yangu ilipojaa miezi kumi, ilisema yenyewe. Siku mbaya zilikuja wiki chache baada ya mvua kushika, nyasi zikishachanua. Asubuhi kulikuwa kubaya kuliko jioni. Siku ya kufyeka uwanja ilikuwa ya kulala nimekaa. Na Julai, mwezi wa baridi kali, nilikuwa buheri wa afya. Hoja ya sweta ikafia hapo, ingawa mama mwenye nyumba hajakubali mpaka leo.

Jakaranda nayo ilisingiziwa tu. Ua linalopendeza kiasi kile limejipamba ili kuwaita nyuki. Chavua yake, ule unga wa uzazi wa maua, inanata na kubebwa na wadudu, haipeperuki sana. Wa kuogopwa ni mmea usio na ua la kutazamwa, kwa sababu unautegemea upepo: nyasi za kando ya barabara, uzio wa misipresi, mvinje. Hao wanamwaga chavua kwa wingi wa kutisha, wakitegemea punje moja kati ya mamilioni itafika inakotakiwa. Nyingine zinafika puani kwako.

Mbona miaka miwili ya kwanza nilikuwa mzima? Daktari alinieleza kwamba mzio, yaani aleji, haumshiki mtu siku ya kwanza. Mwili hukutana na chavua mara nyingi, siku moja ukaihesabu kuwa adui na kuitengenezea kingamwili, silaha zake za kupigana na adui. Tangu hapo kila ikigusa pua, mwili unamwaga kemikali iitwayo histamini: utando unavimba, kamasi zinashuka, macho yanawasha. Mwenye pumu, au mwenye kuielekea kama mimi, vita hivyo vinashuka hadi kwenye mirija ya hewa. Misuli yake inajibana, kuta zinavimba, ute unaziba njia. Ukisikia mluzi kifuani, ni hewa inapenya kwenye tundu dogo. Mirija ikiachwa na uvimbe huo miaka na miaka bila tiba, kuta zake zinaweza kunenepa na kutorudi zilivyokuwa. Ndiyo maana nakasirika ninapokumbuka zile dozi nne za antibiotiki, maana antibiotiki haiujui mzio.

Jambo lililonishangaza ni mvua. Nilidhani mvua inasafisha hewa, na kweli ikinyesha kwa muda inaosha. Lakini punje ya chavua ya nyasi ni kubwa, nyingi hunaswa puani. Ikilowa inaweza kupasuka vipande vidogo sana, na hivyo ndivyo vinavyopenya hadi ndani ya mapafu. Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ya radi ilikuta hewa imejaa chavua ya nyasi; maelfu walikimbilia hospitali jioni hiyo na watu 10 walifariki. Wengi wa waliokimbilia hospitali hawakuwa wamewahi kuambiwa wana pumu. Tangu nilipojua habari hiyo, wingu jeusi likitanda na upepo ukianza kuvuma wakati nyasi zimechanua, mimi niko ndani na madirisha yamefungwa.

Na sisi wa Arusha tuna letu, gugu karoti. Majani kama ya karoti, vimaua vyeupe vidogo, limejaa kando ya barabara na viwanja vitupu. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu 25,000. Chavua yake inachokoza pua na pumu, na majani yanawasha ngozi. Ling'oe kabla halijachanua, vaa glavu, funga kitambaa puani, na usiwatume watoto kazi hiyo.

Nyumbani nimebadilisha machache. Madirisha ya chumbani yanafunguliwa alasiri, si alfajiri. Shuka na nguo hazianikwi nje msimu ukiwa mkali. Nikitoka kwenye bodaboda naoga na kuosha nywele kabla ya kugusa mto. Barakoa zilizobaki tangu korona zimepata kazi. Pua naisukutua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Piriton, dawa ya mzio, niliiacha kwa sababu inanilaza kazini. Setirizini, nayo ya mzio, inanifaa zaidi. Kujifukiza nyungu sikushauri kama una pumu. Mimi mvuke ulinibana zaidi.

Pampu ya pumu ndiyo niliyoikosea kuliko vyote. Ya bluu hufungua mirija kwa dakika chache lakini haiponyi uvimbe, na mimi nilikuwa naivuta hiyo peke yake, naona fahari kwamba sitegemei dawa. Ile nyingine, yenye steroidi kidogo, dawa ya kutuliza uvimbe, huvutwa kila siku hata ukiwa mzima, ukisukutua mdomo baadaye. Daktari wangu huniambia niianze wiki kadhaa kabla ya msimu, na kalenda ndiyo inayonikumbusha. Maneno ya mtaani kwamba pampu "inazoesha" yamewapeleka wengi pabaya. Kama mtoto hawezi kuivuta vizuri, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako, mdomo wa pampu ukaingia bila kuvuja, inasaidia sana. Mwombe muuguzi akuonyeshe.

Ukiona mtu hamalizi sentensi bila kukata pumzi, midomo imegeuka kijivu, au nafuu ya pampu ya bluu haidumu hata masaa manne, kalenda isubiri. Mkalishe wima, endelea kumpa pampu hiyo ya bluu, na tafuta gari la kumpeleka hospitali.